Majani Mawili Chini ya Daraja

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa na desturi ya kututoa darasani bila kutuambia tunakwenda wapi. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1987, nikiwa darasa la tano, alitupanga mistari miwili chini ya mwembe, akahesabu vichwa, tukawa 37, akatuongoza kwa njia ya miguu inayofuata reli mpaka Mto Ugalla. Kupanda juu ya daraja alitukataza kabisa. Tulishuka ukingoni, penye mchanga, tukasimama kutazama maji yenye rangi ya chai ya maziwa yakipita kati ya nguzo.

Akachuma jani la mtundu, akalitupa mtoni. "Haya, litazameni. Linakwenda wapi?"

Tulinyoosha vidole: linakwenda kule. Hakucheka. Alichukua kijiti akaanza kuchora mchangani. Ugalla yetu inakwenda kuungana na Mto Malagarasi. Malagarasi unamwaga maji yake Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ng'ambo ya pili, Zaire kama tulivyoiita wakati ule. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba ndiyo Kongo yenyewe, na Kongo inaishia Bahari ya Atlantiki. Mstari wa kijiti ulikwenda mpaka ukagota miguuni pa msichana mmoja, ikabidi asogee ili bahari ipate nafasi.

Mimi nilikuwa nimeyanywa maji yale tangu nizaliwe. Nilikuwa nimevua kambale kwenye madimbwi yake ya kiangazi, nikajua ni mahali gani mchanga unadidimia na ni wapi mamba hupenda kuota jua. Lakini niliamini kwamba mto unaishia pale unapopotea machoni, nyuma ya miti. Siku ile sikuweza kula mchana. Nilikaa nikifikiria jani.

Ugalla ya wakati ule ilikuwa stesheni, nyumba chache za wafanyakazi wa reli, vibanda vya wavuvi, na familia zilizolima mihogo na karanga katikati ya miyombo. Reli ile, tawi linalotoka Kaliua kwenda Mpanda, kilometa kama 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mgodi ulikufa kabla sisi hatujazaliwa, treni ikabaki. Mkoa wetu ulikuwa Rukwa. Jina la Katavi lilikuja kuwa la mkoa mwaka 2012, mimi nikiwa mtu mzima. Shuleni tulikuwa na ramani moja ya Tanzania, ya karatasi iliyobandikwa kwenye kitambaa, nayo mchwa walikuwa wameila upande wa magharibi. Kigoma ilibaki nusu. Mpanda haikuwepo. Tulijifunza nchi yetu kwa ramani ambayo sisi wenyewe hatukuwamo.

Labda ndiyo sababu mwalimu yule alitutoa nje mara kwa mara. Sijui kama alikuwa amesoma kitabu kinachosema watoto wapelekwe safari. Najua tu kwamba hakuvumilia kufundisha kitu ambacho kipo nusu saa kutoka shuleni kana kwamba kipo mwezini.

Mwezi wa sita alitupeleka kwa mrina asali mmoja, babu yake msichana wa darasa letu. Msichana huyo alikuwa hasemi. Akiulizwa swali alisimama, akatazama dawati, akasubiri aambiwe akae, na mwisho wa kila muhula jina lake lilisomwa karibu na mwisho wa orodha. Siku ile porini babu yake alimwita amsaidie kueleza, naye akaeleza. Alituonyesha jinsi gome la muba linavyochunwa kwa duara, likashonwa kwa vijiti likawa mzinga. Kwa nini mzinga hutundikwa tawi lile na si hili. Jinsi moshi unavyowafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo asali badala ya kuuma. Alituambia juu ya yule ndege mdogo anayepiga kelele mbele yako mpaka akufikishe kwenye kundi la nyuki, na kwamba ukishakula asali yake lazima umwachie sega. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Nilimwona mwalimu akiandika kitu kwenye daftari lake dogo, na kuanzia wiki ile alimhamisha msichana kutoka dawati la nyuma.

Halafu mwalimu akamuuliza yule babu: mti ukichunwa gome lote namna hii, unapona? Babu alisema haponi muba aliyevuliwa nguo. Mwalimu akatugeukia: mzinga mmoja ni mti mmoja, mizinga 60, na kila mzinga udumu miaka michache tu, maisha ya mrina asali mmoja ni miti mingapi? Tulifanya hesabu tumekaa kwenye majani makavu, na yule babu akangoja jibu pamoja nasi.

Safari ya Sitalike ilianza kama ndoto ya mtu mmoja, ikageuka mradi wa shule. Nchi ilikuwa bado inaishi ndani ya Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao Mwalimu Nyerere aliutoa mwaka 1967, na kila shule ilikuwa na shamba. Katika shule nyingi nilizokuja kuzijua baadaye shamba lilikuwa jembe na jua tu. Letu mwaka ule lilikuwa na kusudi: karanga zikivunwa, tutauza madebe, na fedha itatupeleka Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Tulipalilia bila kusukumwa. Msichana mmoja mwenye hesabu nzuri alishika daftari la mauzo, akatusomea kila Ijumaa, na sijaona mtunza hazina makini kuliko yeye katika maisha yangu yote ya kazi.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Bibi yangu alisikiliza habari ya safari mpaka mwisho, akatema mate pembeni. "Mimi simba nimemkimbia ujana wangu wote. Wewe mjukuu wangu unapanda treni kumfuata?" Kwake pori lilikuwa mahali pa kupita kimya. Ilimchukua mwalimu jioni mbili za kukaa kwenye kigoda chake, na kumwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wa mtoto wa nyumbani, ndipo akasema, "Basi nenda, lakini usimwite mnyama kwa jina lake usiku."

Mama alikuwa na hofu nyingine, na hofu hiyo ilikuwa yangu pia. Nilikuwa na miaka 12 na bado nilikojoa kitandani. Nilikuwa nimeshaamua kusema naumwa tumbo siku ya safari, maana heri kuikosa Katavi kuliko darasa zima kujua. Mama alikwenda kwa mwalimu peke yake, gizani. Aliporudi aliniambia maneno aliyoambiwa: "Niachie mimi, mama."

Tuliondoka mwezi wa tisa, wakati wa likizo fupi. Treni ilifika alfajiri, taa yake ikatangulia kwenye miti muda mrefu kabla ya mngurumo. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupanda. Mwalimu hakutuacha tutazame dirishani tu. Alitupa saa yake ya mkono, ikapita kwa zamu, tuhesabu dakika kati ya nguzo moja ya kilometa na nyingine. Mwendokasi, ambao ubaoni ulikuwa umbali juu ya muda, kitu cha kukariri, ukawa sasa ni treni yetu inayopanda mlima polepole na kuteremka kwa haraka. Mpaka leo nikipanda chombo chochote naangalia nguzo.

Katumba tuliongezeka. Lori la kutoka Mpanda kwenda Sitalike lilikuwa ghali kwa shule moja, kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa amepatana na mwalimu mwenzake wa Katumba wachangie. Katumba ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Tulikuwa tunawajua kwa mihogo yao na maharage yao yanayopakiwa kwenye mabehewa, na kwa maneno ambayo watoto husikia kwa wakubwa. Walipanda watoto 24, wamevaa kaptula na sketi zilizopigwa pasi ya mkaa vizuri kuliko zetu. Kwa sheria ya wakati ule mkazi wa makazi yale hakuruhusiwa kutoka bila kibali, kwa hiyo mwalimu wao alikuwa na karatasi moja yenye majina yote 24 na muhuri. Hakuiweka mfukoni. Aliishika mkononi kutoka Katumba mpaka Mpanda, na akatupita akihesabu watoto, karatasi iko juu kama mtu avukaye mto na nguo zake.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni kilometa kama 35, kwa lori la wazi, vumbi na mbung'o. Mbung'o wa kule, ndorobo tunavyowaita, wanauma kupitia shati. Watoto wa Katumba walituonyesha kuwapiga kwa tawi la majani bila kujipiga wenyewe, na huo ukawa mwanzo wa kusemezana.

Tulilala usiku tatu kwenye madarasa ya shule iliyokuwa likizo. Walimu walitulaza kwa kuchanganya, mkeka wa Ugalla, mkeka wa Katumba, mkeka wa Ugalla, wavulana chumba hiki na wasichana kile, kila chumba na walimu wake. Tulipika wenyewe. Kwa mara ya kwanza wavulana wa kwetu walisonga ugali wa watu sitini wakiwa wametumbukiza mwiko kwenye sufuria kubwa, huku wasichana wakichota maji na kucheka. Ugali wa usiku wa kwanza ulikuwa na madonge. Wa usiku wa tatu ulilika mpaka ukoko.

Usiku ule wa kwanza niliapa sitasinzia. Nikasinzia. Kitu kilinishika kidole gumba cha mguu, nikafungua macho, nikamwona mwalimu na tochi iliyofunikwa kwa kiganja. "Njoo tuangalie nyota," akanong'ona. Nyuma yake walisimama wavulana wengine watatu wakipikicha macho, wawili wao wa Katumba. Tulitoka nje, akatuonyesha Kilimia kikiwa kimeshachomoza mashariki, akatuambia wazee walihesabu misimu ya kulima kwa nyota zile, kisha akasema kila mtu akajisaidie kabla ya kurudi kulala. Usiku wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Ni nani kati yetu wanne aliyekuwa na tatizo kama langu, sikujua, na wao hawakujua langu. Asubuhi zote tatu mkeka wangu ulikuwa mkavu. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba mwili wangu unaweza kuamka, na baada ya miezi michache tatizo likaisha. Watu wakiuliza mtoto anapata nini akilala mbali na kwao siku chache, mimi ninayo hiyo ya kuwajibu, kabla hata sijafika kwenye viboko.

Na viboko walikuwepo. Mwezi wa tisa Mto Katuma unakuwa umenywea, ukabaki madimbwi ya tope, na viboko wote wa eneo hilo hujibanza humo, mgongo juu ya mgongo, mamia, wakiguna na kusukumana. Kwenye kingo mamba walikuwa wamejichimbia mashimo ya kukwepa jua, vichwa tu vinatokeza. Hifadhi ilikuwa imetangazwa mwaka 1974. Ukubwa wake wa sasa, kilometa za mraba 4,471, ulipatikana ilipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alieleza kwamba ngozi ya kiboko hupasuka juani, ndiyo maana hukubali kuteswa na wenzake mchana kutwa, akatoka kula majani usiku. Mvulana mmoja wa kwetu akauliza: dimbwi likikauka kabisa je? Askari alisita. "Wanakufa," akasema. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Asubuhi ya pili ndipo yule msichana mjukuu wa mrina asali alipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Askari alitusimamisha penye vumbi laini akatuuliza nyayo zile ni za nani. Tukapiga kelele: pundamilia, nyati, twiga. Yeye akachuchumaa, akapima kwa vidole. Alisema ni palahala, watatu, mmoja mdogo, wamepita usiku kwa sababu umande umeshika vumbi juu ya alama, na mkubwa anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Askari naye akachuchumaa. Akafuata nyayo hatua kumi, akarudi. "Nani amekufundisha, mwanangu?" "Babu." Akamwambia atembee naye mbele, na mpaka jioni msichana yule alikuwa mbele yetu sote, wa Ugalla na wa Katumba, walimu pia.

Tulipelekwa Ziwa Katavi, lililokuwa uwanda wa majani zaidi ya ziwa kwa msimu ule, na tukaonyeshwa mkwaju ambako wenyeji huacha sadaka kwa ajili ya Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye jina lake ndilo lililopewa hifadhi. Nilimkumbuka bibi. Nilisimama kimya kama alivyonifunza, na nikafurahi kwamba askari mwenye bunduki na sare naye alivua kofia.

Jioni ya mwisho, kwenye daraja la Sitalike, mwalimu wetu alichuma jani lingine. Sisi wa Ugalla tulijua kinachofuata, tukaanza kuimba njia: Malagarasi, Tanganyika, Lukuga. Akatikisa kichwa. Katuma, akasema, hauendi huko. Unapita Ziwa Katavi, unapita Chada, unaingia Mto Kavuu, na Kavuu unaishia Ziwa Rukwa. Na Rukwa haina mlango, maji yake hayana pa kwenda ila juu, kwa jua. Mahali fulani kati ya kwetu na hapa, mkiwa mmekaa kwenye treni au lori, mmevuka mgongo wa nchi bila kuusikia. Mvua inayonyesha upande huu inakauka Rukwa, inayonyesha upande ule inafika Atlantiki.

Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mvulana wa Katumba aliyelala mkeka ulio jirani na wangu aliniuliza: "Umesema mto wenu unaingia Malagarasi?" Nikasema ndiyo. "Malagarasi ninaufahamu," akasema. "Sijauona. Mimi nimezaliwa Katumba. Mama ndiye aliyeuvuka, mwaka ule, usiku, amembeba kaka yangu kichwani." Malagarasi, kabla haujazama Tanzania, unapita mpakani na Burundi, hilo mwalimu hakuwa ametuambia, au alituambia nikalisahau. Nilimweleza njia yote ya jani. Akanisikiliza, akanirudisha nyuma pale mito inapokutana, nikamweleza tena. Akanifundisha kwamba kwao maji ni amazi, nami nikamwambia kwa Kinyamwezi cha mama ni minzi. Halafu akasema, "Siwezi kuja kwenu mpaka tupewe kibali kingine. Ukifika, tupa jani kwa ajili yangu."

Treni ya kurudi iliposimama Katumba mwalimu wao alishuka wa kwanza, karatasi mkononi, akahesabu 24. Walitupungia mpaka kona.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 26, nyingi katika wilaya hizi hizi. Nimewapeleka watoto mitoni, kwenye stesheni, kwenye viwanja vya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ambako hulala kambini na wenzao wa wilaya nyingine, na kila mara ninaona mtoto mmoja au wawili ambao sikuwajua nikiwa nao darasani mwaka mzima. Lakini Sitalike nimewafikisha mara mbili tu, na inaniuma. Elimu bila ada, tangu 2016, imeleta madarasani watoto ambao wangebaki nyumbani, nami naishukuru. Ila ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiachi nauli, na mashamba ya karanga ya shule hayapo tena. Tangu 2019 sehemu ya bonde letu la Ugalla, upande wa Tabora, ni hifadhi ya taifa yenyewe. Wapo watoto wanaoishi jirani nayo ambao watamjua palahala kwenye picha ya kitabu.

Katika miaka ya 2000, redio ilipotangaza kwamba Katuma unakauka mapema kwa sababu maji yanazuiwa juu kwa ajili ya mpunga, wenzangu kazini walisikia habari ya mto. Mimi nilimsikia yule mvulana akiuliza dimbwi likikauka je, na askari akisita. Na mwaka 2014, vilipogawiwa vyeti vya uraia kwa Warundi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu 162,000 kwa jumla, nilifikiria karatasi moja iliyoshikwa juu ndani ya behewa, na nikajiuliza ni nani kati ya wale 24 ambaye sasa anapanda treni bila kumwomba mtu.

Ahadi yangu sikuweza kuitimiza mara moja. Tulirudi Ugalla mto ukiwa madimbwi. Nililitupa jani, likakaa pale pale likizunguka. Sikutaka kudanganya. Nilingoja mvua za mwezi wa kumi na moja, hazikutosha. Nilingoja mpaka Machi, maji yakajaa hadi kwenye miti ya ukingo. Nilikwenda peke yangu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nikachuma majani mawili ya mtundu, moja langu na moja lake. Langu lilinaswa kwenye nguzo ya daraja. Lake lilipita katikati, nikakimbia kando ya mto kulifuata mpaka pale miti inapofunga, kisha nikarudi shule, miguu imelowa, nikachelewa mstarini.